Wafugaji: kuku mwenye mdomo uliopishana anafugika, au ni kumpotezea chakula?

#1 MamaKibwenzi
Wakuu habari za jioni. Nina vifaranga chotara wanaelekea mwezi mmoja na nusu. Mayai ni ya kuku wangu mwenyewe, nilipeleka kutotoleshewa kwa mtu mwenye mashine huku Kibaha. Mmoja mdomo wake umepishana: wa juu unakwenda kushoto, wa chini unakwenda kulia, na kila wiki unazidi. Siku nawachukua sikuona kitu. Sasa wenzake wamemwacha mbali kwa mwili. Anadonoa, anadonoa, punje inadondokea pembeni. Jirani ananishauri nimchinje kabla hajakonda zaidi, lakini mwanangu wa darasa la tatu ameshampa jina, anamwita Mkasi, na ameapa akichinjwa huyo yeye na nyama basi.

Naomba kujua hili linasababishwa na nini. Na kuku wa hivi anafika kutaga, au najitesa mimi na yeye?

#2 NgoshaKuchi
Nawahi siti ya mbele. Mama, picha. Uzi wa kuku bila picha tutaupokeaje?

#3 Totoleshi
Kabla hamjaanza kuisema mashine, ngoja nitie neno maana ndiyo kazi yangu. Mashine inatoa kile kilichomo kwenye yai. Wengi wenu jogoo ni mmoja tangu mnaanza kufuga. Anawapanda mabinti zake, kisha wajukuu zake, halafu mnashangaa kupata mdomo upande na miguu mibovu. Damu inajirudia hiyo. Badilisha jogoo, tatizo limekwisha.

#4 FundiBanda
@Totoleshi wewe lazima uitetee mashine, ndiyo inayokulisha. Mimi nimeshuhudia mayai ya shamba moja, nusu yakaatamiwa na kuku, nusu yakaenda mashine. Vilema walitoka mashine. Umeme unakatika usiku, mwenye mashine amelala, joto linashuka. Ukirudi linapanda kupita kiasi. Kifaranga anaumbika humo humo. Halafu wengi wanabania maji. Unyevu inatakiwa asilimia 80 tangu siku ya kwanza hadi ya 21.

#5 Totoleshi
Asilimia 80? Mkuu, hao unawatotolesha au unawapika kwa mvuke?

#6 BiAshaTanga
Nyie endeleeni kugombana. Mama, mpe chakula kwanza huyo mtoto, sababu mtaitafuta akishashiba. Ninaye wa hivyo hivyo, mtu mzima, anataga. Nafunga banda, nakuja kueleza.

#7 DaktariNgombe
Namba 3 na namba 4 mnagombania kitu ambacho wote mnaweza kuwa na haki. Mdomo kupishana si ugonjwa mmoja.

Upo wa kurithi. Huo mara nyingi hauonekani kifaranga akitoka, unajitokeza mifupa ya uso inavyokua, upande mmoja ukichelewa nyuma ya mwenzake. Upo unaotokana na yai kupata joto baya au kutogeuzwa vizuri. Huyo aghalabu anatoka nao, na usishangae akiwa na jicho moja dogo. Upo wa lishe: kuku mzazi au kifaranga akipungukiwa bayotini, asidi ya foliki au manganizi, mdomo na miguu ndivyo vinavyosema kwanza. Upo wa kuumia. Na upo ambao wafugaji hawaufikirii kabisa: chakula kilichosagwa laini mno. Ule unga ukilowa mate unaganda pembeni mwa mdomo na chini ya ulimi, unabana, nyama inaoza taratibu, mdomo unakua vibaya. Mshike Mkasi, mfungue mdomo, mwangalie kwa tochi.

@FundiBanda hiyo 80 iache. Siku 18 za kwanza asilimia 50 hadi 55 inatosha, siku 3 za mwisho ndiyo unapandisha hadi 65 au 70. Joto nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Unyevu ukizidi tangu mwanzo yai halipunguzi maji yake, kifaranga anafia ndani.

Mama, nijibu: chakula gani, wangapi wana tatizo, na mlimkata mdomo?

#8 MamaKibwenzi
Asante daktari. Ni yeye peke yake. Sijamkata mdomo wala sijui kukata. Chakula ni cha vifaranga cha dukani, kile cha unga. Nimemfungua mdomo kama ulivyosema: kulikuwa na unga mgumu chini ya ulimi, nimeutoa kwa kijiti cha pamba. Jogoo ni yule yule tangu naanza, hapo Totoleshi amenipata. Na siku za mayai yale umeme ulikatika sana, hapo FundiBanda naye kanipata. Sasa nimfuate nani?

#9 Totoleshi
Mimi.

#10 FundiBanda
Usimsikilize.

#11 MwanaLamu
Dada, huyo kuku hana damu ya kuchi, ile aina ya kuku wa kupigana? Huku kwetu kuchi mwenye mdomo mfupi uliopinda ndiye anayetafutwa, watu wanatoa pesa nzuri. Usije ukamchinja mtu wa heshima kwa kumdhania kilema.

#12 NgoshaKuchi
@MwanaLamu umenigusa panapouma, ila hapana. Nimefuga kuchi Mwanza tangu niko shule. Mdomo wa kuchi ni mfupi, mnene, unainama kwenda chini, wa juu umeukalia wa chini sawasawa. Akifunga mdomo huoni mwanya. Wa Mama Kibwenzi unakwenda upande, huo si ukuchi. Kuchi mdomo wake unang'oa kipande cha nyama mkononi mwako, sasa huyu hata punje inamshinda.

Bado nasubiri picha.

#13 BiAshaTanga
Haya nimerudi. Someni polepole maana naandika kwa simu.

Tetea wangu alianza kupinda akiwa mdogo kama huyo wa mama. Nilichojifunza: kuku wa hivi njaa yake haitokani na ugonjwa, inatokana na chombo. Kuku mzima anadonoa kwa ncha. Huyu hana ncha, anachota kwa upande. Kwa hiyo ukimwagia punje chini au ukimwekea kwenye kile chombo kirefu chenye mdomo mwembamba, anahangaika kutwa nzima. Mpe bakuli la kina, zito, la udongo ni zuri maana halipinduki. Linyanyue juu ya matofali lifike kimo cha mgongo wake. Chakula kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu kiwe rojo nzito, kijae bakuli. Atazamisha mdomo wote na kuchota. Atajipaka mpaka machoni, usijali, mfute.

Alishe peke yake. Ukimchanganya na wenzake wanamaliza yeye bado anajipanga. Mimi namtenga asubuhi kabla sijawafungulia wengine, na jioni tena. Kilichobaki kimwage baada ya saa chache, usikiweke mpaka kesho. Joto letu la pwani linachachusha chakula kilicholowa upesi sana, na ukungu ukiingia umemuua kwa mkono wako. Maji vilevile yawe na kina. Vile vinyweo vya chuchu hawezi.

Jioni mpapase kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa, amekula. Kikiwa kitupu wakati wa kulala, hata kama ulimwona bakulini kutwa, hajala. Na mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki, macho yanadanganya kwa sababu ya manyoya.

Jingine hakuna anayewaambia: hawezi kujisafisha manyoya. Kuku mzima anajichambua chawa kwa mdomo, huyu hana cha kuchambulia. Usipomwangalia chini ya mabawa na sehemu ya kutagia utakuta chawa wamejaa, na wale viroboto wanaong'ang'ania pembeni mwa macho. Mwekee jivu kavu lililochanganywa na mchanga ajigaragaze, na wakizidi nunua unga wa viroboto duka la mifugo.

Anataga, lakini si kila siku. Mayai yake tunakula kama mayai mengine.

#14 MamaKibwenzi
Bi Asha Mungu akuweke. Kesho asubuhi natafuta bakuli.

#15 KijanaWaChanika
Mbona hamsemi kumkata huo mdomo? Ukate usawa, anakula kama kawaida. Mafundi wa kukata midomo ya kuku wa mayai wamejaa.

#16 DaktariNgombe
Hapo twende taratibu. Wale mafundi wanakata mdomo mzima ili kuku wasidonoane, wanachoma kwa chuma cha moto. Akikosea kidogo anakuachia kuku mwenye mdomo mbovu maisha yake yote. Nimeshaletewa wengi wanaodhaniwa wamezaliwa hivyo, kumbe ni kisu.

Kwa huyu unachofanya ni kupunguza ile ncha iliyoota kupita kiasi, basi. Ndani ya mdomo mna damu na mishipa ya fahamu. Kama mdomo ni wa rangi nyepesi, mulika tochi kwa nyuma, utaona kivuli pale nyama inapoishia; mbele ya hapo ndipo pa kwako. Mweusi hauonyeshi, kwa hiyo chukua kidogo kidogo zaidi. Mfunge kuku kwenye kanga mabawa yasipige, matundu ya pua yaache wazi, fanya usiku akiwa ametulia. Tumia tupa ya kucha. Kikata kucha ni kwa ile ncha ndefu tu. Utarudia kila baada ya wiki mbili tatu maana mdomo unaota kama kucha. Na mwekee tofali au jiwe la kukwaruza karibu na bakuli, kuku hujinoa wenyewe wakipata pa kujinolea.

Kupunguza ncha hakunyooshi mfupa. Kunamrahisishia kuchota na kufunga mdomo, basi.

#17 KinyoziMtaa
Akitoka damu bonyeza shabu, ile ya kinyozi. Inafunga hapo hapo.

#18 BiAshaTanga
Mimi natumia unga wa mahindi, nabonyeza kwa kidole mpaka itulie. Shabu sijajaribu, lakini kinyozi lazima ajue mambo ya damu 😄

#19 KijanaWaChanika
Sasa kama mfupa haunyooki kwa tupa, ukimfunga raba mdomo usiku ukavutwa urudi katikati? Meno ya watu si yananyooshwa kwa waya?

#20 DaktariNgombe
Kuku hupoza mwili kwa kuachama mdomo. Ukimfunga mdomo usiku wa joto la Dar asubuhi unamkuta amekufa. Usifanye.

#21 MzeeWaSingida
Nimesoma yote. Mimi nafuga kienyeji, kuku wangu wanapekua wenyewe, jioni nawarushia pumba na mtama kidogo. Asiyeweza kupekua huku hafiki mwezi wa pili, kicheche anamchukua au njaa. Nyie mnazungumza habari ya kulowesha chakula mara mbili kwa siku, kupima uzito, kusugua mdomo. Nani ana muda huo? Kuku ni riziki. Mwenye kasoro anachinjwa mapema angali na nyama. Hiyo nayo ni huruma, maana hateseki.

#22 BiAshaTanga
Mzee shikamoo. Kwa banda la kuku mia tano nakubaliana nawe. Kwa mama mwenye kuku ishirini uani, bakuli moja la pumba halimfilisi. Wangu hateseki, akisikia kifuniko cha sufuria anakuja mbio kuliko wote.

#23 MzeeWaSingida
Marahaba mwanangu. Haya, na siku ukienda msibani Korogwe siku nne, nani anamloweshea?

#24 BiAshaTanga
Hapo umenishika. Mume wangu. Na kila nikirudi namkuta kakonda (kuku).

#25 Mchamba_Wima
Naomba kuuliza wenye elimu: kuku mwenye kilema kuliwa kwake vipi? Maana nimesikia mnyama mwenye kasoro haifai.

#26 ZenjiMkunazini
Umechanganya. Sharti la kutokuwa na kilema ni la mnyama wa udhiya, na kuku hayumo katika hao. Kuku mwenye mdomo upande akichinjwa kisharia kuliwa hana neno. Asiwe mgonjwa tu, au hajatoka kupewa dawa jana.

#27 MlinziWaGeti
Kwa bibi yangu kuku wa hivyo, na mtetea anayewika, wanaondoka siku hiyo hiyo. Wanaleta mkosi kwenye mji.

#28 NgoshaKuchi
Bibi alikuwa na hamu ya mchuzi. Mkosi gani unaopikwa na nazi?

#29 MlinziWaGeti
😂😂 Kumbe. Na sisi watoto tulikuwa tunapewa shingo tu!

#30 JogooMmoja
Samahani mleta uzi, naomba nichomekee la kwangu. Nina jogoo shingo imepinda, kichwa kinatazama nyuma. Akitulia anakula vizuri. Akishtuka kichwa kinageuka mpaka mgongoni, anarudi kinyumenyume mpaka anaanguka. Nimpe nini?

#31 FundiBanda
Vitamini E na B1. Nimewarudisha wengi.

#32 DaktariNgombe
Fundi, inategemea. @JogooMmoja kabla ya shingo, mlipata vifo bandani? Kinyesi cha kijani, kuku kupumua kwa shida?

#33 JogooMmoja
Ndiyo mkuu. Walikufa karibu wote, huyu ndiye aliyebaki.

#34 DaktariNgombe
Basi huyo ni manusura wa mdondo (kideri). Kirusi kimepita kwenye mishipa ya fahamu, na vitamini haitamrudishia. Wengine hupungua kidogo kadiri muda unavyokwenda, wengine hubaki hivyo. Mweke mahali padogo pasipo na vurugu, chakula na maji kwenye vyombo vya kina visivyohama, na siku za mwanzo mlishe kwa mkono. Wapya utakaoleta wachanje kwanza. Chanjo ya I-2 inavumilia joto, tone moja jichoni, unarudia kila miezi 3. Kama hakukuwa na vifo na ni kifaranga mdogo anayetazama juu tu, hapo ndipo B1 na vitamini E za Fundi zinapoingia, na B1 ikiwa ndiyo iliyopungua utaona nafuu upesi.

#35 MkulimaNakuru
Hamjambo majirani. Huku kwetu shida yangu ni miguu. Vifaranga wa kienyeji wale walioboreshwa wa KALRO Naivasha (taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya), wawili miguu ilitawanyika, mmoja kushoto mwingine kulia, hawasimami. Mama mmoja wa agroveti aliniambia nifunge kwa plasta, kipande kutoka mguu hadi mguu, nafasi ya upana wa kawaida ya kusimama. Walisimama kabla wiki haijaisha. Ila yeye alisema kosa lilikuwa gazeti nililotandika, linateleza. Sasa naweka maranda.

#36 DaktariNgombe
Ushauri mzuri, na siri ni kuwahi siku za mwanzo. Mifupa ikishakomaa plasta haina kazi.

#37 KijanaWaChanika
Wangu ana miezi minne, mguu mmoja umekwenda mbele mwingine nyuma. Nifunge plasta?

#38 DaktariNgombe
Hapana. Umri huo na mkao huo nafikiria mahepe (Marek), ugonjwa wa kirusi unaopoozesha miguu. Haina dawa, chanjo yake inapigwa kifaranga akiwa na siku moja, kwa hiyo muulize aliyekuuzia kama walichanjwa. Na vidole vikiwa vimejikunja kwenda ndani kwa kifaranga wa wiki chache, hilo ni jambo la tatu: mara nyingi B2 imepungua. Mpe vitamini B ya mchanganyiko mapema, anaweza kurudi. Msitibu miguu yote kwa dawa moja jamani.

#39 MkulimaNakuru
Daktari, mimi hutumia chakula cha kuku wa mayai kwa wote ili nisinunue mifuko miwili. Na omena juu yake. Hiyo inaweza kuleta kasoro?

#40 DaktariNgombe
Chakula cha mtagaji kina kalisi asilimia 3.5 hadi 4. Kifaranga anahitaji kama 1. Ziada hiyo inaharibu figo, na pia inazuia manganizi kufyonzwa, ndipo unapoona ule mshipa wa nyuma ya mguu unachomoka na mguu unapinda kwa upande. Huo ukishachomoka haurudi. Omena sawa, ila zisiwe zile za chumvi.

#41 MpishiWaMayai
Kwa huyo Mkasi, mimi ningemchanganyia yai bichi kwenye uji wake. Nguvu tupu.

#42 DaktariNgombe
Yai lichemshe. Ute mweupe mbichi una avidini, inaishika bayotini tumboni mwake asiipate. Na bayotini ndiyo mojawapo tunayoishuku hapa!

#43 Totoleshi
Mnaona? Sasa imekuwa lishe. Mimi nilisema jogoo tangu namba 3.

#44 Kipofu_Anaona
Kwenye kuku wenye mahitaji yao, nami nina tetea kipofu wa macho yote. Ndui ilimpiga, vigaga vikafunga macho, vilipodondoka jicho halikurudi. Anaishi mwaka sasa. Sharti moja tu: bakuli la chakula, la maji na fimbo ya kulalia visihamishwe kamwe. Siku moja watoto walisogeza maji kwenda upande wa pili alipokaa na kiu mpaka jioni. Nagonga bakuli mara mbili, anakuja. Fimbo yake iko chini, kimo cha kifundo cha mguu, maana akiruka hajui anatua wapi. Na jogoo simuwekei, anamrukia bila yeye kumwona anashtuka vibaya.

#45 Mbongo_Ughaibuni
Mnashangaa kipofu, huku Marekani palikuwa na jogoo aliyeishi bila kichwa. Anaitwa Mike. Fruita, Colorado, mwaka 1945. Mwenyewe Lloyd Olsen alimkata ili wamle, akasimama akaendelea kutembea. Aliishi miezi 18, analishwa maziwa na maji kwa kitone kwenye shingo.

#46 MlinziWaGeti
Chai hiyo. Tena ya tangawizi.

#47 DaktariNgombe
Si chai. Shoka lilipita juu, sehemu ya chini ya ubongo inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo ikabaki, na damu ikaganda upesi. Walimzungusha kwenye maonyesho, watu wakilipa kumwona. Alikufa 1947 kwa kupaliwa.

#48 NgoshaKuchi
Kwa hiyo Mama Kibwenzi, jirani yako akija na kisu mwambie hata hicho kisu hakina uhakika 😂

#49 Mbongo_Ughaibuni
Na kuna tai, Beauty. Alipigwa risasi Alaska mwaka 2005 mdomo wa juu ukasagika. Mwaka 2008 huko Idaho wakamtengenezea mdomo bandia kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, wakauunga.

#50 MzeeWaSingida
Babu yangu alikufa akitafuna ugali kwa fizi.

#51 Mbongo_Ughaibuni
😂😂 Mzee jamani. Ila hiyo Alaska ina jambo linalohusu uzi huu. Tangu miaka ya 1990 mwishoni wameona ndege wadogo wa porini wenye utosi mweusi midomo yao inaota mirefu mpaka inapishana. Walihangaika na sumu, lishe, kila kitu. Mwaka 2016 wakachapisha habari ya kirusi kinachoitwa poecivirus, wamekikuta kwa ndege hao wenye midomo mibovu. Je, haiwezekani na huku ikawa kirusi?

#52 MamaKibwenzi
Mungu wangu. Ina maana Mkasi atawaambukiza wenzake?

#53 DaktariNgombe
Tulia mama. Wale ni ndege wa porini na ugonjwa wao ni wa ganda la mdomo kuota kupita kiasi wakiwa watu wazima. Wako alianza udogoni, mifupa yenyewe imekwenda upande, na ni mmoja kati ya wote. Unamtenga kwa sababu ya kula, si kwa sababu ya kuambukiza.

#54 FundiBanda
Mmoja kati ya wote ndiyo hoja yangu. Ingekuwa jogoo, wangetoka wengi. Ni yai moja lililokaa pembeni mwa mashine, penye baridi.

#55 Totoleshi
Ingekuwa mashine, wangetoka wengi! Trei nzima iko kwenye joto moja. Kurithi ndiko kunakochagua mmoja huyu mmoja yule.

#56 KinyoziMtaa
Na ule unga uliokutwa chini ya ulimi hamuutaji tena?

#57 FundiBanda
Unga ulikwama kwa sababu mdomo umepinda.

#58 KinyoziMtaa
Au mdomo umepinda kwa sababu unga ulikwama.

#59 MamaKibwenzi
Nimerudi. Bakuli la udongo limefanya kazi, anazamisha mpaka macho kama alivyosema Bi Asha. Jioni kile kifuko kinajaa. Ncha nimeipunguza kwa tupa, mwanangu akimshika, nilitetemeka mimi kuliko kuku. Uzito umeanza kupanda ingawa wenzake hatawafikia. Jirani nimemwambia asubiri.

Kuhusu jogoo nimeamua kumbadilisha, iwe ni yeye au si yeye. Ana miaka mitatu sasa, hata hivyo muda wake umefika.

#60 NgoshaKuchi
Picha?

#61 MamaKibwenzi
Simu yangu kamera imekufa, nimeazima ya dada, kesho.

#62 JirazaMlandizi
Mama kama uko Kibaha mimi niko Mlandizi. Nina jogoo kishingo, miezi minane, mzima, amechanjwa mdondo na ndui. Tubadilishane, nami wangu ni ndugu na matetea yangu yote.

#63 MamaKibwenzi
Mkali? Nina mtoto.

#64 JirazaMlandizi
Kwa mbwa tu.

#65 MwanaLamu
Uzi umekuwa soko la kuku sasa. Aliye na kuchi wa mdomo uliokaa sawa anitafute nami.

#66 BiAshaTanga
Mama, Mkasi akianza kutaga mayai yake usiyapeleke kutotolesha. Kula. Hata kama hatujui ni kurithi au la, ya nini kubahatisha?

#67 Totoleshi
Na ya wengine ukileta, andika kila yai limetoka kwa tetea gani, kwa penseli, upande wake butu. Siyo kalamu ya wino, inapenya ganda. Kifaranga mwingine akitoka mdomo upande tutajua mama yake ni nani, na hapo Fundi atanyamaza.

#68 FundiBanda
Andika pia yai lilikaa trei ya ngapi.